Kozi ya Kigiriki ya chuo kikuu mtandaoni: jinsi ya kuianza bila kukwama wiki ya tatu

Mtu anajiandikisha kozi ya Kigiriki, analipa, anahudhuria vipindi vinne au vitano, kisha anatoweka. Ukimuuliza, atasema lugha ni ngumu. Lakini fungua daftari lake: kila neno ameliandika kwa herufi za Kiswahili, "kalimera", "efharisto", na tangu wiki ya pili hawezi kufuata kitabu kwa sababu kitabu hakina herufi hizo. Darasani alfabeti hupewa kipindi kimoja au viwili tu. Anayeingia bila kuijua anaanza na deni, na deni hilo linakua kila wiki.

Mwongozo huu ni wa Kigiriki kinachozungumzwa leo, Νέα Ελληνικά, kwa anayeanzia sifuri. Hatua ya 2 na ya 3 ni ndefu kuliko nyingine. Usiziruke hata kama kozi inaanza kesho kutwa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla

- Kompyuta. Simu peke yake haitoshi: mwalimu anapokuwa kwenye skrini, wewe unatakiwa uandike zoezi pembeni.
- Hedifoni zenye maiki. Spika ya kompyuta humeza tofauti ya θ (th) na φ (f).
- Bando. Saa moja ya darasa la video inaweza kula GB 1 au zaidi. Zima ubora wa juu wa picha kwenye mipangilio. Mtandao ukilegea, zima video yako na ubaki na sauti.
- Madaftari mawili. Moja la darasani, jingine la makosa yako tu.
- Kibodi ya Kigiriki kwenye simu na kompyuta. Ni bure, imo ndani ya mipangilio ya lugha.
- Saa 8 kwa wiki. Vipindi vikichukua saa 4, saa 4 nyingine ni za kazi yako mwenyewe. Huna hizo? Subiri muhula mwingine. Ni bora kuliko kulipa na kuacha.

## Hatua ya 1: Chagua kozi inayofanana na maisha yako

Vyuo vitatu vinavyojulikana kwa kazi hii ni Chuo Kikuu cha Taifa na Kapodistria cha Athens, kupitia kituo chake kiitwacho Διδασκαλείο, Chuo Kikuu cha Aristotle cha Thessaloniki, kupitia Shule yake ya Kigiriki cha Kisasa, na Chuo Kikuu cha Cyprus kilichoko Nicosia. Kwa anayetaka kuonja kwanza bila malipo, Chuo Kikuu cha Simon Fraser cha Canada kina jukwaa liitwalo Staellinika, ambalo unajifunza kwa mwendo wako.

Kuna kozi za moja kwa moja na mwalimu, na kuna kozi za kujisomea. Ya kujisomea inamfaa mwenye zamu zisizotabirika, lakini haikufundishi kuongea. Ukiweza, lipia yenye mwalimu.

Kabla ya kulipa, andika barua pepe yenye maswali haya:

1. Darasa lina wanafunzi wangapi? Wakizidi 15, kila mmoja ataongea dakika chache mno.
2. Mwalimu anaeleza sarufi kwa lugha gani? Madarasa mengine ni Kigiriki mwanzo mwisho. Hilo si baya, ila ulijue mapema.
3. Mwishoni natoka na nini mkononi: cheti cha kuhudhuria, au cha kufaulu mtihani wa chuo?

Tahadhari. Hakikisha jina la kozi halina neno Αρχαία, yaani Kigiriki cha kale. Wengi wanaotoka kwenye seminari na makanisa ya Orthodox ya Kenya, Uganda na Tanzania hudhani Kigiriki cha ibada kitawavusha. Herufi na maneno mengi vitawasaidia kweli. Matamshi ya kitaaluma ya vyuo vya teolojia, ambamo η husomwa "e", ndiyo yatakayowasumbua, kwa sababu leo η ni "i", basi.

Umefaulu ukiwa na majibu ya maswali yote matatu kwa maandishi.

## Hatua ya 2: Maliza herufi kwa siku kumi, kabla ya kipindi cha kwanza

Herufi ni 24. Jifunze kwa makundi, dakika 30 kwa siku, ukiandika kwa mkono.

Siku ya 1 na 2: zisizo na shida. Α, Ε, Ζ, Ι, Κ, Μ, Ο, Τ. Herufi kubwa zake zina sura na sauti unazozijua. Andika pia ndogo zake.

Siku ya 3 hadi 5: zinazodanganya. Hizi ndizo zinazoangusha watu, kwa sababu jicho linadhani linazijua:

- Β β ni "v"
- Η η ni "i"
- Ν ν ni "n", ingawa ndogo yake inafanana na v
- Ρ ρ ni "r"
- Υ υ ni "i", ingawa ndogo yake inafanana na u
- Χ χ ni "kh"

Siku ya 6 hadi 8: zenye sura mpya. Γ, Δ, Θ, Λ (l), Ξ (ks), Π (p), Σ (s), Φ (f), Ψ (ps), Ω. Kumbuka Σ ina ndogo mbili: σ mwanzoni na katikati ya neno, ς mwishoni tu. Na ω ni "o", si "w".

Hapa mzungumzaji wa Kiswahili ana mtaji ambao wengi darasani hawana. Irabu za Kigiriki ni tano zilezile: a, e, i, o, u. Θ ni th ya "thelathini". Δ ni dh ya "dhahabu". Γ ni gh ya "ghali" ikifuatwa na a, o au u, na ni y ya "yeye" ikifuatwa na sauti e au i. Χ ni kh ya wanaosema "sabalkheri" kwa koo. Wenzako watatumia wiki nzima kutafuta sauti hizi. Wewe tayari unazo mdomoni.

Siku ya 9 na 10: herufi zinazotembea mbili mbili.

- ου ni "u". Αι ni "e". Ει na οι ni "i"
- αυ ni "av" au "af", ευ ni "ev" au "ef", kutegemea herufi inayofuata
- μπ, ντ na γκ zikianza neno ni "b", "d", "g": μπάλα ni "bala", mpira. Zikiwa katikati mara nyingi husikika kama mb, nd na ng zetu: πέντε, tano, hutamkwa "pende"

Kusoma Kigiriki ni rahisi. Kuandika ndiko kugumu, kwa sababu sauti "i" ina tahajia tano za kawaida: ι, η, υ, ει, οι. Usijaribu kukariri neno kwa neno. Mwisho wa neno, tahajia hufuata sarufi. Tazama maneno haya manne, yote yanaishia kwa sauti ileile:

- καλή, nzuri (jinsia ya kike): η
- παιδί, mtoto (jinsia ya kati): ι
- γράφει, anaandika (kitenzi): ει
- φίλοι, marafiki (wingi wa kiume): οι

Ukijua neno linafanya kazi gani, karibu kila mara umejua linavyoandikwa.

Umefaulu ukiweza kusoma kila neno hapa chini kwa sauti ndani ya sekunde tano: ΕΞΟΔΟΣ (mlango wa kutokea), ΤΡΑΠΕΖΑ (benki), ΦΑΡΜΑΚΕΙΟ (duka la dawa), ΝΟΣΟΚΟΜΕΙΟ (hospitali), ΑΕΡΟΔΡΟΜΙΟ (uwanja wa ndege).

## Hatua ya 3: Fundisha mdomo mambo mawili ambayo Kiswahili hakiyataki

La kwanza ni mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ulimi wako utafanya hivyohivyo bila kukuuliza. Kigiriki huuweka kwenye moja ya silabi tatu za mwisho, na huuandika kwa alama juu ya irabu. Alama hiyo si pambo:

- πότε (PO-te) ni "lini". Ποτέ (po-TE) ni "kamwe"
- νόμος (NO-mos) ni "sheria". Νομός (no-MOS) ni "mkoa"
- άλλα (A-la) ni "mengine"; αλλά (a-LA) ni "lakini"
- τζάμι (DZA-mi) ni "kioo cha dirisha". Τζαμί (dza-MI) ni "msikiti"

Mazoezi: piga meza kwa kiganja kila unapofika kwenye silabi yenye alama. Maneno 20 kwa siku, siku saba. Jirekodi kwa simu, kisha sikiliza sauti ya kitabu na yako zikifuatana. Maneno yanayokosewa zaidi ni yale yenye mkazo silabi ya tatu kutoka mwisho, kama θάλασσα (THA-la-sa, bahari), ambalo Mswahili hulisoma "tha-LA-sa".

La pili ni konsonanti zinazogusana na zinazofunga neno. Tumezoea kumalizia kila silabi kwa irabu, ndiyo maana καλός, mzuri, hugeuka "kalosi", σπίτι, nyumba, hugeuka "sipiti", na ψωμί, mkate, hugeuka "pisomi". Dawa yake: kwa σπίτι, vuta s ndefu kama tairi linalotoa upepo, kisha ingiza "piti" bila kupumua katikati. Kwa ψ, funga midomo kama unaanza p, ifungue moja kwa moja kwenye s. Ukisikia irabu ndogo kwenye rekodi yako, rudia. Kosa hili lisiporekebishwa mwezi wa kwanza, huota mizizi.

Umefaulu ikiwa mtu mwingine, au programu ya kuandika kwa sauti ya simu yako ikiwekwa Kigiriki, anaandika πότε unaposema πότε na ποτέ unaposema ποτέ.

## Hatua ya 4: Weka kibodi na uitumie kila siku

Herufi nyingi zimekaa mahali utakapozitarajia: a ni α, k ni κ, m ni μ. Za kukariri ni chache: θ iko kwenye U, ξ kwenye J, ψ kwenye C, ω kwenye V, η kwenye H, υ kwenye Y, na ς ya mwisho kwenye W. Kuweka mkazo, bonyeza kitufe cha nukta-mkato kilicho kulia kwa L, kisha irabu: nukta-mkato halafu α hutoa ά. Alama ya kuuliza ya Kigiriki ndiyo nukta-mkato yetu, na iko kwenye Q.

Tahadhari. Usiandike kwa herufi za Kilatini kwenye kazi za chuo. Kwenye mazoezi yanayosahihishwa na mfumo, hata mkazo ukikosekana jibu linaweza kuhesabiwa kosa.

Umefaulu ukiweza kuandika Καλημέρα, τι κάνεις; bila kutazama mchoro wa kibodi.

## Hatua ya 5: Usajili, malipo na saa

Vyuo hutaka nakala ya pasipoti au kitambulisho, fomu na malipo kwa yuro. Jina lako liandikwe vilevile lilivyo kwenye pasipoti, kwa sababu ndilo litakaloandikwa kwenye cheti.

Ukilipa kupitia benki, omba makato yote yawe upande wako. Benki za katikati zikikata chochote, chuo kitapokea pungufu na usajili wako utaning'inia. Sehemu ya maelezo ya malipo iandike jina lako na namba ya maombi, kisha tuma risiti kwa barua pepe siku hiyohiyo.

Ukiulizwa kufanya κατατακτήριο τεστ, mtihani wa kukupanga kiwango, ufanye bila msaada wa mtandao. Anayedanganya hupangwa A2 (kiwango cha pili; anayeanza ni A1) na kujikuta kwenye darasa asiloliweza.

Sasa saa, mahali ambapo vipindi vingi hupotea bure. Ugiriki hubadili saa mara mbili kwa mwaka, sisi hatubadili.

- Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba: saa ya Athens ni sawa na ya Nairobi, Dar es Salaam na Kampala. Kigali, Bujumbura na Lubumbashi wako nyuma kwa saa moja. Muscat wako mbele kwa saa moja.
- Miezi mingine: Athens iko nyuma ya Nairobi kwa saa moja, ni sawa na Kigali, na Muscat wako mbele kwa saa mbili.

Kozi ikianza mapema Oktoba saa 18:00 za Athens, kwako Dar ni saa kumi na mbili jioni. Mwisho wa mwezi huo kipindi kilekile kinahamia saa moja usiku. Andika zote mbili kwenye kalenda ya simu. Kwenye ratiba, π.μ. ni kabla ya adhuhuri na μ.μ. ni baada yake.

Siku nazo zina mtego wake. Τρίτη maana yake ni "ya tatu", na Mswahili husoma Jumatatu. Ni Jumanne. Wagiriki huhesabu kuanzia Jumapili, sisi tunahesabu kuanzia Jumamosi. Kwa hiyo Δευτέρα, "ya pili", ni Jumatatu. Τετάρτη, "ya nne", ni Jumatano. Πέμπτη, "ya tano", ni Alhamisi, na hapo tunakutana, maana Alhamisi yenyewe ni "ya tano" kwa Kiarabu.

## Hatua ya 6: Wiki nne za kwanza

Siku ya kwanza jifunze kuta za darasa. Vyuo vingi vya Ugiriki hutumia mfumo uitwao eClass, wenye menyu za Kigiriki: Ανακοινώσεις ni matangazo, Έγγραφα ni nyaraka, Ασκήσεις ni mazoezi, Εργασίες ni kazi za kukusanya, Τηλεσυνεργασία ni mkutano wa video. Kipindi kikiahirishwa, habari hukaa kwenye Ανακοινώσεις.

Kila kipindi kifanyie hivi:

1. Kabla, dakika 20. Soma mazungumzo ya somo kwa sauti mara mbili. Usitafsiri, lengo ni macho yasikutane na neno geni darasani.
2. Wakati wa kipindi. Uwe na sentensi nne mezani: Δεν κατάλαβα (sikuelewa), Τι σημαίνει…; (maana yake nini?), Πώς το λένε στα ελληνικά; (kwa Kigiriki wanakiitaje?), Μπορείτε να το επαναλάβετε; (mnaweza kurudia?). Ongea angalau mara tatu.
3. Baada, ndani ya saa 24, dakika 40. Fanya zoezi, kisha hamishia makosa kwenye daftari la pili.

Tahadhari. Kipindi kilichorekodiwa ni cha kurejea sehemu uliyokosa kuelewa. Anayejiambia "nitatazama rekodi wikiendi" huwa amejilimbikizia vipindi vitatu kufikia mwezi wa pili.

Msamiati uwe maneno kumi kwa siku, kwenye kadi au programu kama Anki. Andika nomino na kibainishi chake na wingi wake: το σπίτι, τα σπίτια, ο δρόμος, οι δρόμοι, η μέρα, οι μέρες. Upande wa pili andika maana kwa Kiswahili, hata kama kitabu kinafasiri kwa Kiingereza. Ukipitia Kiingereza, εσύ na εσείς huwa neno moja. Kwa Kiswahili ni "wewe" na "ninyi", na hujakosea. Ongeza tu kwamba εσείς hutumika pia kwa mtu mmoja wa kuheshimiwa: mwalimu msalimie Γεια σας, usimsalimie Γεια σου, mpaka akuruhusu.

Umefaulu ukiwa mwishoni mwa wiki ya nne unaweza kujitambulisha kwa sentensi nane bila karatasi.

## Hatua ya 7: Sarufi, ukianzia kwenye unachokijua

Jinsia. Ni tatu, na zinafanya kazi kama ngeli. Unaposema "kitabu kizuri, vitabu vizuri" hufikirii. Umeshazoea kivumishi kimfuate bwana wake. Ndivyo ilivyo ο καλός φίλος, η καλή φίλη, το καλό παιδί. Tofauti ni kwamba kitenzi cha Kigiriki hakibebi jinsia.

Vitenzi. Sisi tunaweka mtendaji mbele ya kitenzi, wao mwishoni: γράφω (naandika), γράφεις (unaandika), γράφει (anaandika). Kwa hiyo εγώ, "mimi", huachwa kama sisi tunavyoiacha.

Να. Kigiriki cha leo hakina umbo la "ku-". Badala ya "nataka kwenda", sema "nataka niende": Θέλω να πάω. "Nataka uende" ni Θέλω να πας. Ukizoea kuwaza kwa "niende, uende, aende", sehemu inayowatesa wengine kwako itakuwa nyepesi.

Mtendwa. "Namwona Yannis" ina -m- na jina pia. Kigiriki nacho huweza kufanya vilevile: Τον βλέπω τον Γιάννη.

Uendelevu. Έγραψα ni "niliandika" na kazi ikaisha. Έγραφα ni "nilikuwa nikiandika". Vitenzi vingi vina mashina mawili, na hapa hakuna njia ya mkato. Kariri kwa jozi: γράφω/γράψω, διαβάζω/διαβάσω, πηγαίνω/πάω.

Kilicho kigeni kabisa ni hali za nomino. Ο φίλος ήρθε, rafiki alikuja. Lakini είδα τον φίλο, nilimwona rafiki. Watu hukosea kwa kujaribu kukariri jedwali lote mara moja. Anza na mtenda na mtendwa, wiki mbili nzima. Umilikaji uje baadaye.

Kwa shaka ya tahajia au unyambuaji, tumia kamusi iliyo kwenye Tovuti ya Lugha ya Kigiriki ya Kituo cha Lugha ya Kigiriki. Ni bure na ni ya kuaminika.

## Hatua ya 8: Masikio, kisha mtihani

Kuanzia mwezi wa pili sikiliza dakika 15 kila siku. Redio ya taifa, ERT, inapatikana mtandaoni. Njia nzuri zaidi kwetu ni hii: pata habari kubwa ya siku kwa Kiswahili, kisha itafute kwa Kigiriki. Ukishajua kilichotokea, sikio linashughulika na maneno tu. Aliyeko Cyprus asishangae mtaani kusikia lahaja tofauti na ya darasani. Darasani hufundishwa Kigiriki sanifu.

Cheti kinachotambulika rasmi ni cha Ελληνομάθεια, cha Kituo cha Lugha ya Kigiriki kilichoko Thessaloniki. Kina viwango vya A1 (cha chini kabisa) hadi C2 (cha juu kabisa) na hupima stadi nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea. Mtihani kwa kawaida hufanyika mwezi wa Mei kwenye vituo vya nchi mbalimbali, na usajili hufungwa mapema, hivyo Januari uwe umeshajua kituo kilicho karibu nawe. Cheti cha kuhudhuria kozi hakichukui nafasi yake. Kwa shahada zinazofundishwa kwa Kigiriki, kiwango kinachotakiwa kwa kawaida ni B2; kama lengo lako ni hilo, usitumie pesa kufanya A1 na A2.

Kwa saa 8 kwa wiki, panga miezi mitatu hadi minne kwa A1, mingine kama hiyo kwa A2, na zaidi kwa B1. Kituo kimeweka mtandaoni mifano ya mitihani pamoja na sauti zake. Wiki sita kabla ya kujisajili, kaa na mmoja mzima, saa ikiwa mezani, simu chumba kingine. Sauti icheze mara zilizoruhusiwa tu. Ukipata chini ya nusu kwenye kusikiliza, usilipe bado: rudi kwenye dakika 15 za kila siku, zifanye 40, na ujipime tena baada ya mwezi kwa karatasi nyingine.